Nambari za michakato katika kiini cha Linux: Zinavyotolewa, hatari zake na jinsi mabadiliko yake yanavyokaguliwa

KATIKA mtaa wa Kahawa Wendani, kando ya Barabara Kuu ya Thika katika eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, maduka ya huduma za intaneti, maarufu kama saiba, ni sehemu ya maisha ya kila siku. Wateja wake wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta kilicho karibu, ambao hufika hapo kuchapisha kazi za masomo au kujaza fomu za serikali. Aghalabu kila mmoja wao huwa na simu ya Android mfukoni.

Wachache mno hujua kwamba ndani ya simu hiyo, na ndani ya sava zinazopokea fomu hizo, mna daftari lisilolala. Kila programu inapoanza kufanya kazi huandikwa humo na kupewa nambari. Inapomaliza, nambari hiyo hufutwa na baadaye hupewa programu nyingine. Nambari hiyo huitwa kitambulisho cha mchakato, au kwa kifupi PID, na haifai kuchanganywa na PIN ambayo Mamlaka ya Ushuru (KRA) huwapa walipa kodi.

Ni jambo linaloonekana dogo. Hata hivyo, jinsi nambari hizo zinavyotolewa, kutunzwa na kurudiwa limekuwa suala la mijadala na marekebisho kwa miaka mingi miongoni mwa wanaotunza kiini cha Linux, mfumo ambao ndio msingi wa Android na wa sehemu kubwa ya sava za intaneti duniani. Kosa katika daftari hilo linaweza kuizima programu isiyohusika au kumpa mtu mamlaka asiyostahili.

Kiini na mchakato ni nini?

Kiini, au keneli, ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi wa tarakilishi. Ndicho kinachogawa kumbukumbu, kuamua programu ipi itumie kichakato kwa wakati gani, na kusimama kati ya programu na vifaa. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kilifuata desturi za UNIX, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao.

Mchakato ni programu iliyo katika hali ya kutenda kazi. Programu iliyohifadhiwa kwenye diski ni mfano wa mapishi yaliyoandikwa kitabuni, ilhali mchakato ni chungu kilichoko jikoni. Mapishi yale yale yanaweza kupikwa katika vyungu vitatu kwa wakati mmoja. Ili kiini kijue chungu kipi ni kipi, kila kimoja hupewa nambari yake.

Nambari hutolewaje?

Mchakato wa kwanza kuanzishwa na kiini mfumo unapowashwa hupewa nambari 1. Huu ndio mzazi mkuu, na ukifa, kiini husimamisha mfumo mzima. Michakato mingine huzaliwa kutokana na iliyotangulia, na kila mmoja hupewa nambari inayofuata iliyo wazi. Katika Linux, hata nyuzi za utendaji zilizomo ndani ya mchakato mmoja huchukua nambari kutoka hazina hiyo hiyo.

Kwa muda mrefu kikomo cha kawaida kilikuwa 32,768, maana yake nambari kubwa kabisa iliyotolewa ilikuwa 32,767. Hesabu ikifika ukingoni, kiini hurudi chini na kutafuta nambari zilizoachwa wazi. Hakirudi hadi 1, bali huanzia 300, kwa kuwa nambari za chini huachiwa michakato iliyoanzishwa mapema mfumo ulipowashwa.

Katika tarakilishi za biti 64, kikomo hicho kinaweza kupandishwa hadi 4,194,304. Mwaka 2019, programu ya systemd, ambayo ndiyo mchakato nambari 1 katika matoleo mengi ya Linux, ilianza kukipandisha hadi kiwango hicho bila msimamizi kuombwa kufanya hivyo.

Mchakato ukifa, nambari yake haiachwi papo hapo. Kiini huuweka katika hali iitwayo zombi hadi mzazi wake atakapokuja kuuliza ulikufaje. Mzazi asipouliza, zombi hubaki na nambari yake. Zombi wakiwa wengi kupita kiasi, nambari zinaweza kwisha na mfumo ukashindwa kuanzisha programu yoyote mpya, hata kama kumbukumbu bado ipo tele.

Hatari ya nambari kurudiwa

Wakazi wa Wendani wanaielewa hatari hii bila kufundishwa. Mtaa huo umejaa ploti za kupangisha, na wapangaji wengi ni wanafunzi wanaohamia na kuhama kila kukicha. Mtu akiambiwa apeleke mzigo chumba nambari 14 bila kutajiwa jina, na mpangaji wa zamani awe ameondoka juma lililopita, mzigo utapokewa na mgeni. Nambari ya chumba ni ile ile ila mwenyewe ni mwingine.

Nambari za simu zina tabia hiyo hiyo. Laini isiyotumiwa kwa muda mrefu hufungwa, na nambari yake huweza kuuzwa kwa mteja mwingine. Anayeituma pesa kwa kutegemea nambari aliyoiandika daftarini miaka mitatu iliyopita anaweza kumtajirisha asiyemjua. Ndiyo sababu huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, sasa humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla ya muamala kukamilika.

Nambari ya kitambulisho cha taifa ni tofauti, kwa sababu mtu akifa hapewi mwingine. Mpango wa Maisha Namba ambao serikali ya Kenya iliuanzisha mwaka 2023 umejengwa juu ya wazo hilo la nambari moja kwa mtu mmoja tangu kuzaliwa hadi kufa. Nambari za michakato katika Linux haziko katika kundi hilo. Ziko katika kundi la vyumba vya ploti na laini za simu.

Mfano wa kawaida ni huu. Programu ya sava inapoanza, huandika nambari yake kwenye faili ndogo ili msimamizi aweze kuisimamisha baadaye. Tuseme imeandika 2750. Usiku programu hiyo inaanguka yenyewe bila kuifuta faili. Kabla ya alfajiri hesabu imezunguka, na 2750 imepewa programu ya hifadhidata. Asubuhi msimamizi anatoa amri ya kuizima sava. Amri inasoma 2750 na kuiua hifadhidata.

Mtumiaji wa kawaida ana kinga kiasi, kwa kuwa kiini hakimruhusu kuua michakato ya wengine. Lakini msimamizi mkuu hana kizuizi hicho. Amri yake hutekelezwa bila kuulizwa swali.

Je, kupandisha kikomo ni dawa? Hesabu rahisi inaonyesha la. Mfumo unaozalisha michakato 1,000 kwa sekunde humaliza nambari 32,768 kwa chini ya sekunde 33. Kwa kikomo cha 4,194,304, mzunguko mmoja huchukua takriban dakika 70. Hatari imesogezwa mbali, haijaondolewa.

Kisa cha mwaka 2019

Mnamo Januari 2019, mtafiti wa usalama Jann Horn wa kikosi cha Project Zero cha kampuni ya Google alifichua udhaifu uliosajiliwa kwa nambari CVE-2019-6133. Udhaifu huo ulihusu polkit, programu inayoamua kama mtumiaji fulani anaruhusiwa kutenda jambo linalohitaji mamlaka makubwa, mathalani kuweka programu mpya.

Polkit ilikuwa ikikumbuka mchakato uliokwisha kupewa ruhusa. Waliobuni programu hiyo walijua kwamba nambari hurudiwa, hivyo walitumia alama mbili, yaani nambari ya mchakato pamoja na saa uliyoanza. Walidhani kuwa michakato miwili haiwezi kufanana kwa yote mawili.

Dhana hiyo ilikuwa na ufa. Kiini kilikuwa kikiandika saa ya kuanza mapema, kabla ya mchakato mpya kupewa nambari. Mshambulizi angeweza kuukwamisha uzazi wa mchakato katikati, baada ya saa kuandikwa na kabla ya nambari kutolewa. Kisha angesubiri mchakato wenye ruhusa ufe, azungushe hesabu, na kuuachilia ule uliokwama uchukue nambari ya marehemu. Mchakato wake ungekuwa na nambari na saa sawa na za mwenye ruhusa.

Marekebisho yalifanywa pande zote mbili. Polkit ilianza kulinganisha pia utambulisho wa mtumiaji mwenyewe. Katika kiini, kiraka cha David Herrmann kilihamisha uandikaji wa saa ya kuanza hadi karibu na mwisho wa shughuli ya uzazi, wakati mchakato unapokaribia kuonekana na wengine. Ilikuwa ni mistari michache tu ya msimbo, lakini ililiziba pengo ambalo lilikuwa wazi kwa miaka.

Mabadiliko makuu tangu 2006

Mwaka 2006, Eric Biederman alibadilisha namna kiini chenyewe kinavyokumbuka michakato. Kabla ya hapo, sehemu nyingi za kiini zilihifadhi nambari tupu na kuitumia baadaye, kosa lile lile la faili ya sava. Njia mbadala ilikuwa kushikilia rekodi nzima ya mchakato, lakini rekodi hiyo pamoja na rafu yake ilikula takriban kilobaiti 10 za kumbukumbu hata baada ya mchakato kufa. Biederman alileta rekodi ndogo ya baiti zipatazo 64, iliyosimama kati ya nambari na mchakato. Nambari ikirudiwa, rekodi mpya hutengenezwa, hivyo aliyeshika ya zamani hawezi kuelekezwa kwa mgeni.

Januari 2008, toleo la 2.6.24 lilileta maeneo ya nambari yaliyotengwa, kazi iliyofanywa na watu kadhaa wakiwemo Pavel Emelyanov na Sukadev Bhattiprolu. Tangu hapo tarakilishi moja inaweza kuwa na madaftari mengi, kila moja likianza na nambari 1 yake. Mchakato mmoja huwa na nambari moja katika eneo lake na nyingine katika eneo la juu. Huu ni mmoja wa misingi ya kontena, teknolojia iliyopata umaarufu kupitia Docker kuanzia mwaka 2013, na ambayo huruhusu huduma nyingi kukaa katika sava moja bila kuonana.

Toleo la 4.15 la Januari 2018 lilibadilisha daftari lenyewe. Awali nambari zilizotumika ziliwekewa alama kwenye ramani ya biti, na michakato ikatafutwa kupitia jedwali la pembeni. Gargi Sharma, aliyekuwa katika mpango wa mafunzo wa Outreachy, aliondoa muundo huo na kutumia IDR, muundo wa mti ambao tayari ulikuwepo katika kiini kwa kazi nyingine. Vipimo alivyoambatanisha, vilivyofanywa kwa michakato 10,000, vilionyesha kuwa amri ya kuorodhesha michakato ilitumia muda mfupi zaidi. Fauka ya hayo, msimbo ulipungua. Kwamba kazi ya mwanagenzi iligusa sehemu inayotumiwa na kila programu duniani inayoendeshwa na Linux ni ushahidi kwamba katika mapitio ya kiini, hoja hupimwa kuliko cheo.

Mwaka 2019 ulileta mabadiliko yaliyoonekana zaidi kwa waandishi wa programu. Christian Brauner aliongoza kazi ya kuleta pidfd, yaani kishikio cha mchakato. Badala ya kukumbuka nambari, programu hushika kishikio kinachoelekeza kwa mchakato mmoja tu. Mchakato huo ukifa, kishikio hakihamii kwa mwingine, na anayejaribu kukitumia hujibiwa kuwa mlengwa hayupo. Uwezo wa kutuma ishara kupitia kishikio uliingia katika toleo la 5.1, wa kukipata wakati wa uzazi katika 5.2, na wa kukifungua kutokana na nambari katika 5.3. Katika 5.4 mzazi akaweza kumsubiri mtoto kupitia kishikio.

Linux haikuwa ya kwanza. FreeBSD ilikuwa na vishikio vya michakato tangu toleo la 9.0 la mwaka 2012. OpenBSD nayo hutoa nambari bila kufuata mpangilio, ili mshambulizi asiweze kubashiri itakayofuata.

Mei 2024, toleo la 6.9 liliviweka vishikio hivyo katika mfumo wao wa faili uitwao pidfs. Humo, kila mchakato hupata alama ya biti 64 isiyorudiwa mpaka mfumo uzimwe. Kwa mara ya kwanza, programu mbili zinaweza kulinganisha vishikio vyao na kujua kwa yakini kama vinaelekeza kwa mchakato mmoja.

Kikomo kipya na simu za zamani

Badiliko la toleo la 6.14, lililotolewa Machi 2025, lina funzo la pekee. Baada ya kikomo kupandishwa hadi milioni nne na ushei, ilibainika kuwa maktaba ya msingi ya Android ya biti 32 haikubali nambari inayofika 65,536. Ndani yake, nafasi iliyotengwa kuhifadhia nambari ni biti 16 tu. Inapopewa nambari kubwa zaidi, hukataa kuanzisha uzi mpya, na programu huanguka.

Tatizo lilijitokeza pale programu za Android ya biti 32 zinapoendeshwa ndani ya kontena katika mashine ya biti 64. Mashine yenyewe ilihitaji kikomo kikubwa, ilhali mgeni wake alihitaji kidogo. Suluhisho lililokubaliwa ni kila eneo la nambari liwe na kikomo chake.

Simu kama hizo si kisa cha ughaibuni. Android ilianza kuwafikia Wakenya wengi mwaka 2011, wakati simu ya Huawei IDEOS ilipouzwa kwa takriban Sh8,000. Programu nyingi zilizoandikwa enzi za simu za biti 32 ziliendelea kutumika muda mrefu baada ya simu mpya kuingia sokoni. Anayebadilisha nambari katika kiini anawabadilishia pia watu hao, hata kama hakuwafikiria.

Mapitio hufanywaje?

Msimbo wa Linux uko wazi kwa umma, lakini si kila mtu anayeweza kuingiza humo atakacho. Anayependekeza badiliko huandaa kiraka, yaani orodha ya mistari inayoondolewa na inayoongezwa, pamoja na maelezo ya sababu zake. Tangu mwaka 2004, kila kiraka hutiwa sahihi inayothibitisha kuwa mtumaji ana haki ya kukitoa.

Kiraka husomwa na watunzaji wa sehemu husika na yeyote mwingine anayetaka. Wanaweza kukikubali, kukikataa au kukirudisha kirekebishwe. Ni kawaida kiraka kurudishwa mara tano au zaidi. Wakati wa mjadala wa pidfd, hata jina la huduma ya kutuma ishara lilibadilishwa zaidi ya mara moja kabla ya kuafikiwa.

Matoleo mapya hutolewa kila baada ya majuma 9 au 10. Majuma mawili ya kwanza ni ya kupokea mabadiliko, na yaliyosalia ni ya kujaribu na kusahihisha. Mashine za majaribio, ikiwemo syzbot ya Google iliyoanza kazi mwaka 2017, hukishambulia kiini usiku na mchana kutafuta kasoro ambazo macho ya binadamu hayakuziona.

Kwa mabadiliko ya nambari za michakato, wapitiaji huangalia mambo manne hasa.

La kwanza ni umiliki. Rekodi ya mchakato ikiachiliwa mapema ilhali kuna sehemu nyingine inayoishika, sehemu hiyo itasoma kumbukumbu iliyokwisha kupewa shughuli nyingine. Ikisahauliwa kuachiliwa, kumbukumbu itavuja hadi mfumo uishiwe.

La pili ni wakati. Michakato huzaliwa na kufa kwa wakati mmoja katika vichakato tofauti. Mpitiaji hujiuliza itakuwaje mchakato ukifa kati ya mstari huu na unaofuata. Kisa cha polkit kilitokana na swali hilo kutoulizwa.

La tatu ni eneo. Kwa kuwa mchakato unaweza kuwa na nambari kadhaa, lazima ijulikane ni ipi inayotolewa kwa nani. Mchakato usioonekana katika eneo la anayeuliza huwakilishwa kwa sifuri. Katika amri ya kutuma ishara, sifuri humaanisha kundi zima la mchakato unaotuma. Programu inayoipokea sifuri bila kuikagua na kuitumia kuua inaweza kujiua yenyewe pamoja na jamaa zake. Hatari kubwa zaidi ni nambari hasi 1, ambayo hurejeshwa uzazi wa mchakato unaposhindwa. Ikitumiwa katika amri hiyo hiyo, humaanisha kila mchakato ambao mtumaji anaruhusiwa kuugusa.

La nne ni ahadi kwa watumiaji. Torvalds ameshikilia kwa miaka mingi kanuni kwamba badiliko la kiini halipaswi kuvunja programu iliyokuwa ikifanya kazi. Ndiyo maana nambari za zamani hazikuondolewa vishikio vilipokuja. Njia zote mbili zinaendelea kutumika sambamba.

Athari kwa simu na sava

Simu yenye kumbukumbu ndogo huishiwa nafasi mara kwa mara. Inapofungua programu ya benki wakati nyingine kadhaa ziko nyuma, Android huchagua ya kuua ili kupata nafasi. Zamani kazi hiyo ilifanywa ndani ya kiini chenyewe, lakini sehemu hiyo iliondolewa katika toleo la 4.12 la mwaka 2017, na kazi ikaachiwa programu ya nje iitwayo lmkd.

Programu hiyo inahitaji kujua mambo mawili: kwamba inaua iliyokusudiwa, na kwamba iliyouawa imekwisha kufa kabla ya kuchagua nyingine. Nambari tupu haikutoa hakikisho la lolote kati ya hayo. Joel Fernandes wa Google alichangia uwezo wa kusubiri kifo cha mchakato kupitia pidfd, na lmkd huutumia katika simu ambazo kiini chake kina uwezo huo.

Katika sava, faida ni ya aina nyingine. Sava moja inaweza kuhudumia wateja wengi katika kontena tofauti, na kosa la kuua mchakato wa jirani linaweza kukatiza malipo au usajili wa mtu asiyehusika hata kidogo.

Ushauri kwa wasimamizi na wanafunzi

Anayesimamia sava anashauriwa kutotegemea faili yenye nambari pekee. Ni bora huduma zianzishwe na kusimamishwa kupitia msimamizi mmoja, kama systemd, ambaye huzifuatilia tangu kuzaliwa kwake. Inapobidi kutumia faili ya nambari, jina la programu yenye nambari hiyo likaguliwe kwanza. Ukaguzi huo hupunguza hatari bila kuimaliza, kwani mchakato unaweza kufa baada ya kukaguliwa na kabla ya ishara kufika.

Anayeandika programu mpya kwa ajili ya Linux ya sasa atumie kishikio palipo na uwezekano. Nambari iandikwe kwenye kumbukumbu za matukio kwa ajili ya kusomwa na binadamu, lakini isiwe msingi wa kutoa ruhusa wala hukumu ya kuua. Matokeo ya uzazi wa mchakato yakaguliwe kila mara, na thamani yoyote isiyozidi sifuri ikataliwe kabla ya kufika kwenye amri ya ishara.

Kwa mwanafunzi anayetaka kujionea, tarakilishi moja yenye Linux inatosha. Amri ya ps huorodhesha michakato na nambari zake. Faili ya /proc/sys/kernel/pid_max huonyesha kikomo cha mfumo. Saraka ya tools/testing/selftests/pidfd katika msimbo wa kiini ina majaribio yanayoonyesha kwa vitendo jinsi vishikio vinavyopaswa kufanya kazi. Majaribio ya kuua michakato yafanywe katika mashine ambayo hakuna mwingine anayeitegemea.